Kizuri Hakijiuzi: Maoni juu ya Kazi ya Kunadi Maarifa

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ina kweli yake. Mwenye embe nzuri hana haja ya kupiga kelele sokoni, na mwenye samaki aliyelala siku mbili ndiye apazaye sauti kuliko wote. Lakini iko bidhaa moja isiyojiuza hata ikiwa nzuri namna gani, nayo ni maarifa yatokayo katika utafiti. Mtaalamu aweza kukaa miaka 10 akiuchunguza ugonjwa wa mmea mmoja, akalipata jawabu, akaliandika kwa ufundi, likapigwa chapa na kufungiwa kabatini. Na mkulima ambaye shamba lake lalihitaji jawabu lile akaendelea kupoteza miti yake mpaka naye akafariki dunia, asijue kwamba jawabu lilikuwapo.

Nalileta jambo hili mbele ya wanachama kwa sababu katika baraza zetu imeanza kusikika sauti ya kulalamika. Watu wanauliza: Kwa nini taasisi za utafiti siku hizi zaajiri watu wasiojua mmea wala mdudu wala samaki, watu ambao kazi yao ni kutangaza, kupanga mabanda ya maonyesho, kuyaandikia makampuni barua za mwaliko na kugawa vipeperushi? Wengine huwaita wapambe. Wengine wasema mshahara wao ungetosha kununua miche mingi ya mikarafuu. Na kwa kuwa sasa wapo wanachama wanaotaka chama chetu kitie fedha katika banda la maonyesho, swali hili limekwisha kuwa la mfuko wetu wenyewe, wala halifai kupitwa kwa mzaha.

Rai yangu ni kwamba kazi ya mtu huyu ni ya lazima, kama ilivyo kazi ya mtaalamu mwenyewe, ila kwa sharti moja. Mpiga mbiu wa maarifa hana budi awe na safari mbili: ya kwenda kwa wakulima na wafanya biashara akichukua habari za wataalamu, na ya kurudi kwa wataalamu akichukua maswali ya wakulima. Akiwa na safari moja tu, basi wale wamwitao mpambe watakuwa wamesema kweli.

Ili nisiseme hewani nitatoa mfano wa mji wa Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria. Najua kwamba Mwanza ni mbali na sisi, na watu wa huko hawaishi kwa karafuu. Lakini wanafanana nasi kwa mambo matatu. Kwanza, riziki yao hutokana na mazao yanayouzwa mbali, yaani pamba na samaki. Pili, nao kama sisi hutegemea jua kukausha sehemu kubwa ya mali yao. Tatu, wamekaa na wataalamu kwa muda mrefu, na wameonja njia zote za kupokea elimu, ile ya bakora na ile ya mazungumzo.

ELIMU ILIYOKUJA NA BAKORA

Kusini ya mji wa Mwanza, katika Wilaya ya Misungwi, kiko kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambacho kimekuwa kikishughulika na pamba tangu miaka ya 1930. Herufi mbili za UK zilizo katika majina ya mbegu za pamba kama vile UK77 na UK91 zatokana na jina la kijiji hicho. Leo kituo hiki ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, na mbali na pamba hushughulika pia na mihogo na viazi vitamu. Hapana mtu awezaye kusema kwamba kazi yake imekuwa ya bure.

Hata hivyo, hebu tukumbuke yaliyotokea Usukuma baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa kuiendeleza nchi ya Wasukuma. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona kwamba ardhi inachoka na udongo unachukuliwa na mvua. Walishauri watu walime kwa matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, watie samadi mashambani, wapande mihogo ya kukinga njaa na wapunguze ng'ombe. Mengi katika mashauri hayo yalikuwa na maana. Lakini hayakuletwa kama mashauri. Yaliletwa kama kanuni, na asiyezifuata akatozwa faini. Watu wakayachukia matuta kama walivyoichukia kodi. Mwaka 1958 yalipozuka machafuko ya Geita, ambayo chanzo chake kikubwa kilikuwa mabaraza ya mchanganyiko wa rangi, hasira juu ya kanuni hizi nazo zilikuwamo. Baadaye kanuni nyingi za kulazimisha zikaachwa, na pamoja nazo yakatupwa hata yale yaliyokuwa mazuri.

Tusiwacheke Wasukuma, kwani nasi tuna yetu. Mwaka 1951 hapa Unguja, pale Kiembe Samaki, wakulima walikataa ng'ombe wao wasidungwe sindano ya kimeta. Sindano ile haikuwa sumu, lakini nani aliyekaa na watu akawaeleza? Watu wale walikuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na ghafula wakaja watu wa serikali na amri juu ya ng'ombe. Walipokamatwa waliokataa, wenzao waliwafuata kutaka kuwatoa, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Mpaka leo tukio lile laitwa Vita vya Ng'ombe. Sindano yenyewe ilitengenezwa na wataalamu, na kukataliwa kwake kulitengenezwa na wale waliodhani kwamba jambo la kweli halihitaji kuelezwa.

Sasa tazama upande wa pili. Katika miaka hiyo hiyo wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakijenga vyama vyao wenyewe vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani. Kati ya mwaka 1950 na katikati ya miaka ya 1960 mavuno ya pamba katika sehemu zile yaliongezeka mara kadha. Sababu zilikuwa nyingi, nami sitaki kumpa mtu mmoja sifa zote: palikuwa na bei, palikuwa na mashamba mapya, palikuwa na mbegu bora. Lakini mbegu ile bora ilimfikia mkulima kwa mikono ya karani wa chama chake, mtu anayemfahamu, aliyekaa naye kwenye mizani na kuweza kuulizwa swali kwa Kisukuma. Hapo ndipo ulipo mwanzo wa kazi ninayoisema, ingawa wakati ule haikuwa na jina la kiofisi.

KAZI YENYEWE NI IPI

Siku hizi kazi hiyo imepata jina na ofisi. Huitwa kazi ya masoko na uenezi, na mahali pake pa kuonekana zaidi ni katika maonyesho. Kila mwaka ifikapo siku ya 8 Agosti, wakulima, wafugaji na wavuvi wa Tanzania husherehekea Nane Nane. Kwa Mwanza na mikoa jirani ya Geita na Kagera maonyesho hufanyika katika viwanja vya Nyamhongolo. Mikoa ya Mara, Simiyu na Shinyanga nayo ina viwanja vyake vya Nyakabindi, karibu na Bariadi, ambavyo mwaka 2018 na 2019 vilibeba maonyesho ya taifa zima.

Mtu apitaye Nyamhongolo siku ya kilele huona mabanda, bendera na ngoma, akadhani kwamba kazi yote ni ile. Kwa hakika ile ni jioni ya kazi. Asubuhi yake ni miezi mingi nyuma. Vipando vya mfano, yaani vishamba vidogo vya kuonyesha mbegu, lazima vipandwe mapema vifike Agosti vikiwa na maua au matunda. Mtu wa maonyesho aliyesahau tarehe ya kupanda hatakuwa na la kuonyesha ila udongo. Hana budi awaendee wataalamu mmoja mmoja na kuwauliza, "Mwaka huu mna jambo gani ambalo mkulima aweza kulifanya msimu ujao?" Kisha achukue maneno ya kurasa 40 ayafanye maneno ya dakika 3, bila kuyatia uwongo. Hiyo si kazi ndogo. Wajuzi wengi hawawezi kufupisha, na wafupishaji wengi hawajui.

Baada ya hapo huja kazi ya kualika. Chukueni mfano wa ufugaji wa samaki kwa vizimba, jambo ambalo serikali imelihimiza sana katika Ziwa Viktoria. Mwezi wa Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alifika Mwanza kukabidhi vizimba na boti kwa vikundi. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980 na yenye kituo Mwanza, huchunguza ni sehemu gani za ziwa zifaazo vizimba. Kuna pahala maji hayatembei, na kuna nyakati ambapo maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu na sato wakafa wote kwa usiku mmoja. Lakini kijana mwenye kikundi chake hawezi kufuga kwa kujua hayo peke yake. Ahitaji mwenye vifaranga, mwenye chakula cha samaki, mwenye nyavu, mtu wa benki, mtu wa bima na mnunuzi. Mtu wa masoko wa taasisi ndiye awakusanyaye hawa wote chini ya paa moja siku moja. Humwendea mwenye kuuza chakula cha samaki akamwambia, "Njoo, wanunuzi wako watakuwapo." Humwendea mfugaji akamwambia, "Njoo, wauzaji watakuwapo, na mtaalamu atakuwa katikati, asiyeuza chochote, wa kumwuliza kama lile uliloambiwa ni kweli."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo roho ya jambo lote. Maonyesho ya wafanya biashara peke yao ni gulio. Mkutano wa wataalamu peke yao ni darasa. Faida kubwa hupatikana pale vitu viwili hivi vinapokutana, na havikutani vyenyewe. Lazima awepo mtu wa kuvikutanisha, ambaye anaaminiwa na pande zote mbili.

DAGAA NA KARAFUU

Nimesema watu wa Mwanza hukausha mali yao juani. Afikaye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ataona magunia ya dagaa yapakiwayo kwenda nchi nyingi, ikiwamo Kongo. Dagaa hao wengi huanikwa na akina mama katika fukwe na visiwa vya ziwa. Kwa miaka mingi desturi imekuwa kuwamwaga mchangani. Dagaa wa mchangani hukauka, lakini hubeba mchanga, na mvua ikinyesha ghafula huharibika. Wengi huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wataalamu wamekuwa wakishauri chanja, yaani vitanda vya miti na wavu vilivyoinuliwa kutoka chini, ili hewa ipite juu na chini na mchanga usiingie.

Je, shauri hili lahitaji mtu wa kulinadi? Wasema wengine, mama akiona chanja ya jirani ataiga mwenyewe. Pengine. Lakini mama huyo atauliza maswali ambayo ripoti haikuyajibu. Miti ya chanja itatoka wapi katika kisiwa kilichokwisha kukatwa miti? Je, mnunuzi wa Mwaloni atanilipa zaidi kwa dagaa wa chanja, au atawachanganya katika gunia moja na wale wa mchangani? Kama hakuna atakayelipa zaidi, kwa nini nijisumbue? Mtu wa maonyesho aliye hodari hatamweka mtaalamu peke yake bandani kuisifu chanja. Atamleta mnunuzi mkubwa wa dagaa asimame hapo hapo, aseme mbele ya akina mama bei atakayotoa kwa dagaa safi. Neno la mnunuzi mbele ya watu lina uzito kuliko vipeperushi elfu.

Sisi nasi twalijua jambo hili. Kila msimu twaambiwa karafuu zianikwe juu ya majamvi, zisianikwe barabarani wala mchangani. Zisilundikwe zikiwa mbichi zikapata joto. Makonyo yachambuliwe vizuri. Hakuna mwanachama asiyeyasikia. Lakini wangapi wameonyeshwa, mkono kwa mkono, karafuu ya jamvi na karafuu ya barabarani zikiwa zimewekwa katika sinia mbili, na mpimaji wa Shirika la ZSTC ambalo ndilo mnunuzi wetu kwa sheria akieleza kwa nini hii ameipa daraja la juu na ile akaishusha? Watu hawapingi wasichokielewa tu. Hupinga pia wanachoambiwa na mtu asiyekuwa na la kupoteza.

KWELI KWANZA, NGOMA BAADAYE

Liko jambo jingine ambalo Mwanza yaweza kutufundisha, nalo ni kwamba kunadi hakuwezi kushika mahali pa kweli. Sangara walipandikizwa katika ziwa katika miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimesimama Mwanza na samaki wakipelekwa Ulaya. Kuanzia mwaka 1997 Umoja wa Ulaya uliwafungia mlango samaki wa ziwa zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya habari kwamba wavuvi wengine walitumia sumu. Wavuvi walikosa bei na viwanda vikapunguza watu. Mlango haukufunguliwa kwa matangazo. Ulifunguliwa baada ya kusafishwa viwanda na mialo, kuwekwa wakaguzi na kupimwa samaki. Mwanza ina maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, na karatasi ya maabara kama ile ndiyo isemayo na mnunuzi wa ng'ambo.

Baadaye, mwaka 2004, ilitoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyoionyesha biashara ya sangara ya Mwanza kwa sura ya giza tupu. Ilizunguka dunia na kushinda tuzo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani. Sitaki kuingia katika ubishi wa filamu ile. Wengine walisema imeonyesha dhiki ya kweli, na wengine wakasema imesingizia. Ninalolitia maanani ni hili: mtu mmoja mwenye kamera aliwafikia watu wengi kuliko wataalamu wote wa ziwa kwa pamoja. Wataalamu walikuwa na hesabu za samaki, walijua nini kimepungua na nini kimeongezeka, lakini habari zao zilikuwa zimekaa katika vitabu vya ofisi. Asiyejieleza huelezwa na wengine, na hana wa kumlaumu.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza kweli ipatikane, kisha ngoma ipigwe. Ngoma bila kweli hupasuka, na kweli bila ngoma hulala.

HATARI ZA KAZI HII

Si kwamba kazi hii haina maradhi yake. Maradhi ya kwanza ni kuhesabu vichwa. Mtu wa maonyesho akiulizwa kama kazi yake imefanikiwa hujibu kwamba watu elfu kadha walipita bandani. Kupita si kujifunza. Banda linalogawa kofia na fulana halikosi watu, na banda lenye mtaalamu mnyenyekevu wa wadudu laweza kukosa hata mmoja. Kipimo cha haki ni msimu unaofuata: wangapi wamebadili jambo shambani?

Maradhi ya pili ni fedha. Mabanda hugharimu, na mara nyingi hulipwa na makampuni yanayouza dawa, mbegu na vyombo. Hapana ubaya katika hilo, maadamu mwenye kulipa halipii ulimi wa mtaalamu. Siku taasisi itakapoogopa kusema kwamba dawa fulani haifai kwa sababu mwenye dawa amelipia jukwaa, siku hiyo taasisi itakuwa duka. Mtu wa masoko ndiye mlinzi wa mpaka huu, kwa kuwa ndiye anayezungumza na wenye fedha. Lazima awe mtu wa kuweza kusema, "Bango lako nitalitundika, lakini maneno ya mtaalamu si yako."

Maradhi ya tatu ni lugha. Imekuwa desturi ya mikutano mingine ya wataalamu na wafanya biashara kuendeshwa kwa Kiingereza katika hoteli, mkulima akikaa nyuma kama mgeni katika arusi ya watu. Jambo linalomhusu mkulima na lisemwe kwa lugha ya mkulima. Na asiyeweza kulisema kwa Kiswahili na ajiulize kama yeye mwenyewe amelielewa.

SAFARI YA KURUDI

Sasa narudi kwenye sharti langu. Visiwa vyetu havikukosa utafiti. Maradhi ya mikarafuu kufa ghafla yalichunguzwa tangu zamani. Katika miaka ya 1940 na 1950 wataalamu kama F. J. Nutman walieleza kwamba ugonjwa ule waletwa na ukuvu, na kwamba ugonjwa mwingine, ule wa matawi kukauka kuanzia ncha, huingilia katika vidonda vya mti. Na vidonda hivyo vingi hutiwa na sisi wenyewe, tunapovunja matawi wakati wa kuchuma kwa pupa ya kumaliza. Habari hii ina umri wa miaka 70. Nendeni mashambani leo muone wachumaji wetu wanavyovunja. Je, tuseme kwamba utafiti umeshindwa? Utafiti ulifanya kazi yake. Hakupatikana mtu wa kuuchukua mpaka juu ya mti.

Na upande wa pili, kuna maswali yetu ambayo hayajapata wa kuyapeleka Kizimbani kwa wataalamu. Mkulima ataka kujua apande miche mingapi mahali pa mikarafuu iliyokufa, na kama apande palepale au pengine. Apande nini kati ya miche mpaka ikue. Awalipeje wachumaji ili wasivunje matawi, maana mchumaji alipwaye kwa pishi hana sababu ya kuuhurumia mti. Swali hili la mwisho si la maabara peke yake, ni la hesabu na la tabia za watu. Lakini mtaalamu hawezi kulitafiti asilolisikia. Katika maonyesho yetu ya Kizimbani kwa Unguja na Chamanangwe kwa Pemba, mkulima hutazama, husifu, hunywa soda, hurudi nyumbani. Daftari la maswali yake liko wapi?

TUFANYE NINI

Natoa mashauri manne, wanachama wayapime.

La kwanza, chama kisitoe hata senti moja kwa banda la kupamba. Kitoe kwa banda lenye masharti: liwe na mtaalamu, liwe na mpimaji wa karafuu, na liwe na karani wa kuandika kila swali la mkulima pamoja na jina la shehia yake.

La pili, maswali yale yapelekwe kwa taasisi ya utafiti, na majibu yachapishwe katika jarida hili kabla ya msimu kufunguliwa. Swali lisilo na jibu lichapishwe vilevile, na liandikwe kwamba bado. Hapo tutajua nani anatufanyia kazi.

La tatu, chama kiwapeleke wanachama wawili Nyamhongolo, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Wasiende kuuza karafuu, maana soko letu lina sheria yake. Waende kutazama namna banda linavyopangwa, namna wavuvi na wakulima wa pamba wanavyowabana wataalamu kwa maswali, na kasoro zao pia. Warudi watoe taarifa mbele ya mkutano mkuu, kwa mdomo, na waulizwe.

La nne, tuiombe taasisi ya utafiti iwe na mtu maalumu wa kazi hii, tena mtu aliyepata kuchuma au kuanika karafuu. Vyeti ni vizuri, lakini mtu asiyejua uzito wa pakacha lililojaa karafuu mbichi hatajua swali lipi ni la dharura.

Najua wapo watakaosema kwamba Agosti si wakati wa maonyesho kwetu, maana miaka mingi uchumaji huwa umekwisha kuanza na mkulima yuko juu ya mti. Wasema kweli. Basi maonyesho na yasingojee Agosti peke yake. Sinia mbili za karafuu, mpimaji mmoja, mtaalamu mmoja na daftari moja vyaweza kubebwa katika gari ndogo mpaka Konde, Mtambile au Mkokotoni, mwezi mmoja kabla ya msimu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya banda lenye zulia, na faida yake twaweza kuipima kwenye mizani ya ZSTC.

Haya ni maoni yangu, nami simlazimishi mtu. Jambo litaletwa katika mkutano mkuu ujao. Nawaomba wanachama waje wakiwa wamekwisha kulifikiri, na kila mmoja aje na swali moja la shambani kwake lililoandikwa, ili daftari lianze kujazwa siku hiyo hiyo.

Mwanachama, Wete